Mzima kwa Macho, Mbovu kwa Mita: Kubadilisha Nyaya za Betri ya Gari

Sidhani kama kuna kipuri cha gari kinachosahaulika kama zile nyaya nene mbili zinazotoka kwenye betri. Betri ina tarehe yake na dhamana yake, na kila mwenye gari anajua kwamba siku moja itachoka. Stata, mota inayozungusha injini ili iwake, ina brashi za kaboni zinazolika, na altaneta, inayochaji betri, ina beringi na mkanda. Waya hauna kinachozunguka wala kinachosagika, kwa hiyo tunauhesabu kuwa sehemu ya gari lenyewe, kitu kilichowekwa kiwandani kikae humo mpaka mwisho. Gari linapokataa kuwaka, waya huwa wa mwisho kushukiwa, baada ya betri mpya kununuliwa na pengine baada ya stata nzima kubadilishwa. Kwa mtazamo wangu mpangilio huo umegeuzwa juu chini, kwa sababu waya hupimwa kwa dakika chache, kwa mita ya kupimia volti ya bei ndogo, bila kufungua hata nati moja.

Ili kuelewa kwa nini waya unaoonekana mzima unaweza kulizuia gari lisiwake, ni lazima kwanza kujua ni kiasi gani cha umeme kinachopita humo. Stata ya gari dogo la petroli huvuta takriban ampea 100 hadi 200 inapozungusha injini, na ya dizeli huweza kuvuka 300. Katika ule mpigo wa kwanza kabisa, kabla mota haijaanza kuzunguka, mkondo hupanda kupita hapo. Taa kubwa ya mbele ya wati 55 huvuta ampea zisizofika 5. Kwa hiyo waya uleule unaoweza kuwasha taa zote, redio na feni bila shida unaweza kushindwa kabisa pale stata inapoitwa kazini, kwa kuwa volti zinazopotea njiani ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani, yaani jinsi njia inavyouzuia umeme, unaopimwa kwa omu. Ukinzani wa sehemu moja ya elfu ya omu, kwa ampea 200, hupoteza volti 0.2, na hakuna atakayegundua. Ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, ambao bado ni mdogo kiasi kwamba mita ya kawaida haiwezi kuusoma, hupoteza volti 2. Betri ambayo wakati wa kupiga stata ingeipa mota volti 10.5 sasa inaipa 8.5, na wati 400 zilizotakiwa kuzungusha injini zinageuka kuwa joto katika kiungo kidogo kisichozidi ukubwa wa kidole gumba.

Tatizo hili ni la zamani sawa na stata yenyewe. Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme mwaka 1912, kwa kazi ya Charles Kettering, dereva aliachana na hendeli ya kuzungusha injini kwa mkono, lakini gari lilipata mzigo mpya wa kusafirisha mkondo mkubwa kwa volti chache. Magari mengi ya petroli yalitumia volti 6 hadi miaka ya 1950, kisha yakahamia volti 12, na hesabu ya uhamaji huo ni nzuri: kwa nguvu ileile, volti zikiwa maradufu mkondo hupungua kwa nusu, na hasara katika waya uleule hushuka hadi robo. Anayemiliki gari la kale la volti 6 anapaswa kukumbuka hesabu hiyo kabla ya kulifunga nyaya nyembamba za gari la kisasa, kosa ambalo wengi wamelilipia kwa asubuhi nyingi za kusukuma.

Sasa, waya unaharibikaje bila kuonekana? Adui mkuu ni betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi inapochajiwa hutoa gesi, na pamoja na gesi hiyo hutoka chembechembe za asidi ya salfa zinazotua kwenye vichwa vya betri na kwenye vibano vinavyoushika waya kwenye vichwa hivyo. Pale penye risasi hutokea unga mweupe. Pale penye shaba hutokea unga wa kijani na buluu, ambao ni shaba iliyokwisha kuliwa na asidi. Unga wa juu huoshwa kwa maji na soda ya kuokea na mtu akaridhika. Lakini waya wa betri ni mkusanyiko wa nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja, na unyevu wenye asidi hupanda kati ya nyuzi hizo, ndani ya ganda la plastiki, kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Ukilikata ganda la waya uliooza hukuti shaba ya rangi yake. Unakuta nyuzi nyeusi au za kijani, nyingine zikiwa zimekuwa vumbi, na hali hiyo huweza kuendelea mbali na kibano kilichong'arishwa vizuri. Dalili za nje zipo, ila ni za kupapasa kuliko za kutazama: waya umekuwa mgumu karibu na kibano, ganda limevimba, au ukiukunja unasikia kitu kikichakarika ndani kama mchanga.

Adui wa pili ni joto na mtikisiko. Injini imekaa juu ya mipira na hutikisika kila inapowashwa na kuzimwa, ilhali betri imefungwa kwenye bodi; waya unaounganisha viwili hivyo unakunjwa na kukunjuliwa maisha yake yote. Mara nyingi nyuzi hukatika mojamoja pale zinapoingia kwenye pete ya shaba ya mwisho wa waya, upande wa stata au wa giaboksi, mahali ambapo hakuna anayepaangalia kwa sababu pako chini, pana giza na pana mafuta.

Hapa ndipo betri mpya inapopata sifa isiyo yake. Mtu anabadilisha betri, na katika kuibadilisha analazimika kuvifungua vibano, kuvisugua na kuvikaza upya. Gari linawaka vizuri, naye anaondoka akiamini kwamba betri ya zamani ilikuwa imekufa. Baada ya muda ukinzani unarudi, gari linaanza tena kugugumia asubuhi, na lawama inamwangukia aliyeuza betri. Simlaumu mwenye gari, kwa maana ushahidi aliouona kwa macho yake ulikuwa upande wake. Namlaumu zaidi fundi mwenye mita mkononi asiyeitumia.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kwanza hakikisha betri ina afya, maana haina maana kupima njia ikiwa chemchemi imekauka: betri iliyojaa na iliyopumzika kwa saa kadhaa husoma takriban volti 12.6 au zaidi kidogo, na volti 12.2 ni dalili kwamba imebaki na karibu nusu tu. Kisha izuie injini isiwake, kwa kuchomoa fyuzi ya pampu ya mafuta au kwa njia nyingine inayoelekezwa na kitabu cha gari lako. Weka gia katika nafasi isiyovuta, funga breki ya mkono, na uweke mita kwenye volti za mkondo wa moja kwa moja. Ncha moja ya mita iguse kichwa chenyewe cha chanya cha betri, ile risasi ya katikati, si kibano kilichoizunguka. Ncha ya pili iguse skrubu kubwa ya stata ambako waya mnene wa chanya unaishia, ile ambayo kwenye michoro ya magari mengi huandikwa namba 30. Mita itasoma sifuri, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu hakuna mkondo unaopita. Sasa mwambie msaidizi apige stata kwa sekunde chache. Namba inayotokea wakati huo ndiyo volti zinazopotea katika upande wote wa chanya, na kwa gari la kawaida isizidi 0.5. Rudia upande wa hasi, kutoka kichwa cha hasi cha betri hadi kwenye mwili wa stata au chuma kisicho na rangi cha injini. Hapo mafundi wengi hawakubali kuvuka 0.2 au 0.3.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinaweza kugawanywa. Ukipata volti 1.4 upande wa chanya, weka ncha moja kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye kibano, piga stata, soma. Kisha kutoka kibano hadi pete ya mwisho wa waya. Kisha kutoka pete hadi skrubu ya stata. Kiungo kimoja kizuri hakipotezi zaidi ya takriban volti 0.1. Mahali zinapopotea zile nyingi ndipo ugonjwa ulipo. Kama ni kati ya kichwa na kibano, msasa na brashi ya waya vinatosha na hakuna haja ya kununua chochote. Kama ni ndani ya waya wenyewe, hakuna dawa isipokuwa kuubadilisha.

Wapo wanaopima waya kwa kuufungua na kutumia ule mlio wa mita unaothibitisha kwamba umeme unapita. Kipimo hicho hakina thamani yoyote katika kazi hii, na napenda kulisema hilo bila kuzunguka. Waya wenye uzi mmoja mzima kati ya mamia utailiza mita kwa furaha ileile ya waya mpya. Hata kipimo cha omu hakisaidii, kwani nyaya za mita yenyewe zina ukinzani mkubwa mara nyingi kuliko ule unaoutafuta. Waya wa mzigo mzito hupimwa ukiwa umebeba mzigo.

Kuna jambo jingine la kusoma katika mita ambalo huwapotosha wengi. Ukipima volti za betri penye vichwa vyake wakati stata inazunguka kwa uzito, ukaona zimeshuka chini ya takriban 9.6, mshukiwa ni betri au stata inayovuta kupita kiasi. Lakini ukiona betri imebaki juu, tuseme 11.5, na bado stata inajikokota, usiipongeze betri ukaihukumu stata. Betri haijashuka kwa sababu haikuombwa mkondo mwingi, na haikuombwa kwa sababu njia imebana. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya waya mbovu.

Baada ya kuthibitisha, linakuja suala la kununua. Ikiwa waya wa kiwanda kwa gari lako unapatikana kwa bei unayoimudu, ununue huo na usijisumbue na mengine, kwa sababu una urefu sahihi, una pete zilizobanwa kwa mashine na una vishikizo vyake vya kuupitisha mahali pake. Nyaya za chanya za magari mengi ya sasa si waya mmoja bali ni mkungu: mmoja unakwenda stata, mwingine altaneta, mwingine kwenye sanduku la fyuzi, na baadhi zina fyuzi kubwa zilizofungwa palepale juu ya kibano. Kuutengeneza mkungu kama huo upya kwa mkono kunawezekana, lakini zile fyuzi ni lazima zirudi kwa kiwango chake. Anayeziruka kwa kipande cha waya amepanda moto ndani ya boneti yake.

Ukiamua kutengeneza mwenyewe, unene wa waya ndio uamuzi wa kwanza. Shaba yenye eneo la milimita 25 za mraba ina ukinzani wa takriban sehemu 0.7 ya elfu ya omu kwa kila mita moja ya urefu. Kwa waya wa mita moja na nusu na mkondo wa ampea 200, hasara ni volti 0.2, kwa milimita 16 za mraba hasara hiyo inapanda hadi kama 0.32. Tofauti si kubwa betri ikiwa jirani na injini. Lakini katika magari ambayo betri yake imewekwa nyuma, chini ya buti, waya huwa na urefu wa mita kadhaa, na hapo ile milimita 25 inapoteza karibu volti 0.7 kwa mita 5, ilhali milimita 50 inapoteza nusu yake. Kanuni yangu ni rahisi: usiweke kamwe waya mwembamba kuliko wa kiwanda, na ukizidisha, zidisha ngazi moja tu. Waya mnene mno hauna hasara ya umeme, ila haukunjiki penye kona, na ugumu wake unazihamishia pete na skrubu za stata nguvu zisizozoea kubeba.

Jihadhari pia na waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Unauzwa kwa sura ya shaba, ni mwepesi mkononi kuliko unavyotegemea, na ukiukwangua uzi mmoja kwa kisu utaona weupe chini ya wekundu. Unapitisha umeme kwa kiwango cha takriban theluthi mbili ya shaba halisi ya unene uleule, nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwakunjwa, na penye unyevu na asidi huoza kwa kasi. Ni kweli kwamba baadhi ya watengenezaji wa magari hutumia nyaya za alumini kwa makusudi ili kupunguza uzito, lakini wao huzifanya kuwa nene zaidi na huziunga kwa mitambo ambayo hakuna gereji ndogo iliyo nayo. Ganda nalo lina daraja zake: la plastiki ya kawaida la nyaya za betri huvumilia joto la nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na lile la poliethilini iliyoimarishwa hufika 125. Karibu na bomba la moshi tofauti hiyo ina maana kubwa. Waya wa mashine ya kulehemia, ambao wengi huupenda kwa ulaini wake, ni shaba nzuri, lakini ganda lake halikukusudiwa kuishi kwenye mafuta na joto la injini; ukiutumia, uvalishe bomba la kinga mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo, nikilazimika kuchagua kati ya waya wa wastani wenye viungo vizuri na waya bora wenye viungo vibaya, nitachukua ule wa kwanza bila kusita. Kiungo ndicho kinachoamua. Pete ya shaba iliyopakwa bati, yenye shingo inayolingana hasa na unene wa waya, inapobanwa kwa mashine yenye meno ya pembe sita, nyuzi zote hushikamana na ukuta wa shingo mpaka zinakuwa karibu kipande kimoja cha chuma, bila nafasi ya hewa wala unyevu kupenya. Pete hiyohiyo ikipigwa kwa nyundo na patasi, au ikiminywa kwa koleo, hushika nyuzi chache kwa nguvu nyingi na kuziacha nyingine zikielea. Mashine ya mkono ya haidroli ya kubania haina ulazima wa kununuliwa kwa kazi ya siku moja. Wauzaji wengi wa nyaya hubana pete kwa mteja, na kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kazi inayostahili kulipiwa.

Unapolimenya ganda, limenye kwa urefu wa shingo ya pete tu, na kisu kisiziguse nyuzi, maana kila uzi uliokwaruzwa ni uzi utakaokatika. Shaba iwe inang'aa. Ikiwa imefifia na kuwa nyeusi, kata sentimita kadhaa mpaka uikute iliyo hai. Ingiza nyuzi hadi mwisho wa shingo, bana mara mbili ikiwa shingo ni ndefu, kisha vuta kwa nguvu zako zote. Kisichoachia mikononi mwako kina nafasi nzuri ya kuishi na mtikisiko wa injini.

Kuhusu lehemu mabishano hayaishi. Wanaoitetea husema inaziba mianya na kuzuia kutu, na hawajakosea. Tatizo ni kwamba risasi iliyoyeyuka hupanda kati ya nyuzi na kupita shingo ya pete, na waya unakuwa mgumu kama msumari kwa sentimita kadhaa, kisha laini ghafla. Pale ugumu unapokutana na ulaini ndipo kila mtikisiko unapokunja, na ndipo waya unapokatika. Kiungo kilichobanwa sawasawa hakihitaji lehemu, na kile kilichobanwa vibaya hakitaokolewa nayo. Kinachohitajika ni bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto, la aina yenye gundi kwa ndani, lililovalishwa kuanzia shingo ya pete hadi juu ya ganda. Gundi inapoyeyuka na kujaza mwanya, ile njia ya unyevu niliyoieleza hapo awali imefungwa.

Vile vibano vya risasi vyenye bamba na skrubu mbili, ambavyo huuzwa kila mahali kwa ajili ya waya uliokatwa kichwa, navitambua kuwa msaada wa njiani na si zaidi. Huziacha nyuzi za shaba wazi sentimita chache tu kutoka kwenye asidi. Na unaponunua kibano, zingatia kwamba vichwa vya betri haviko sawa: cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, na kuna vipimo viwili vilivyoenea. Katika kile kikubwa, chanya ni takriban milimita 17.5 na hasi 15.9 kwa juu. Katika kile chembamba kinachoonekana kwenye betri nyingi za magari madogo ya Kijapani, ni 14.7 na 13. Kibano cha kikubwa kwenye kichwa kidogo hukazwa mpaka masikio yake yanagusana na bado kinazunguka.

Kufungua hakuna mengi. Vaa miwani ya kinga, vua pete za vidoleni na saa, na hakikisha una namba ya siri ya redio ikiwa gari lako linaidai. Zima kila kitu na usubiri dakika kadhaa ili kompyuta na mfumo wa mifuko ya hewa vitulie. Ondoa hasi kwanza, na sababu yake ni ya kimwili kabisa: bodi yote ya gari ni hasi, kwa hiyo spana iliyoshika nati ya chanya ikigusa chuma chochote wakati hasi bado imefungwa, mkondo wa mamia ya ampea unapita kwenye spana hiyo, na gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri iliyotoka kuchajiwa hushika moto ikiwa imefikia asilimia 4 tu ya hewa. Hasi ikiwa imeondolewa, spana hiyohiyo inaweza kugusa bodi bila madhara. Usiking'oe kibano kilichoganda kwa kukipinda na bisibisi, kwa sababu kichwa cha betri hulegea ndani. Tanua masikio yake kidogo au tumia kifaa maalumu cha kukivuta. Piga picha za njia ambayo waya umepita, kisha uutoe mzima na kuulaza kando ya mpya, urefu kwa urefu. Ikibidi kuingia chini ya gari, liegemee juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake.

Kwenye stata, ile skrubu ya shaba imepita kwenye kifuniko cha plastiki ngumu ambacho kimezeeka kwa joto. Nati ya ndani izuiwe kwa spana ya pili unapofungua au kukaza ya nje, la sivyo skrubu nzima inazunguka, kifuniko kinapasuka, na kazi ya waya inageuka kuwa kazi ya stata. Unaporudisha, pete ya waya mnene ndiyo itangulie kukaa juu ya shaba, kisha zile nyembamba, na washa, vile vibati vya duara vya chini ya nati, zikae juu ya pete zote na si katikati yake, kwa maana washa ya chuma iliyobanwa kati ya pete mbili inalazimisha mkondo wote upite ndani yake.

Njia ya waya irudi ilivyokuwa. Waya wa stata kwa kawaida hauna fyuzi, hivyo ukisuguana na ukingo wa chuma mpaka ganda likatoboka, hakuna kitakachokata mkondo isipokuwa moto wenyewe. Uwe mbali na bomba la moshi na mikanda, ufungwe kwenye vishikizo vyake, upite kwenye mpira kila unapotoboa ukuta wa chuma, na uachiwe ulegevu kidogo kati ya bodi na injini ili injini itikisike bila kuuvuta.

Waya wa hasi, ambao mafundi huuita wa athi, unastahili heshima ileile, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mtu anafunga chanya mpya inayong'aa na kuiacha hasi ya zamani, ilhali kila ampea inayokwenda kwa chanya ni lazima irudi kwa hasi. Kuna pia ule mkanda wa nyuzi unaounganisha injini na bodi. Ukiwa umekatika, mkondo hutafuta njia nyingine, kupitia kebo ya akselereta, beringi au nyaya ndogo za vihisio, na gari linaanza kuonyesha hitilafu za kielektroniki zisizo na mpangilio ambazo hakuna anayeweza kuzihusisha na waya wa betri. Pale pete ya athi inapokaa, rangi na kutu viondolewe kwa msasa mpaka chuma kitupu kionekane, pete ikazwe, kisha grisi au vaselini ipakwe kwa nje baada ya kukaza. Katika magari ya sasa kibano cha hasi huwa kimebeba kihisio kidogo kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka kwenye betri. Usikigonge, usikitumie kama mpini wa kukunjia waya, na ukiongeza kifaa chochote chenye athi yake, kifunge kwenye bodi badala ya kichwa cha betri, ili hesabu za kihisio zisipotoke.

Mwishoni funga chanya, kisha hasi. Cheche ndogo hasi inapogusa ni ya kawaida kwa kuwa vifaa vya gari vinajaza umeme wake wa ndani. Kibano kishuke hadi chini ya kichwa kwa mkono, bila nyundo, na kikazwe kiasi kwamba hakizunguki ukikisukuma. Nguvu inayotajwa na watengenezaji wengi ni karibu nyutonimita 5 au 6, ambayo ni ndogo kuliko mkono wenye hamu unavyopenda.

Rudia kipimo kilekile cha volti zinazopotea, pande zote mbili, na uandike namba mahali utakapozipata, kwa sababu zitakuwa kigezo chako miaka ijayo. Washa injini, washa taa, feni na kipasha joto cha kioo cha nyuma, upime kati ya skrubu kubwa ya altaneta na kichwa cha chanya: kama zinazidi volti 0.3 hivi, tawi la altaneta nalo linahitaji kushughulikiwa, maana betri haitajaa hata kama altaneta ni nzima. Penye betri penyewe usomaji wa takriban 13.8 hadi 14.7 ni wa kawaida, ingawa magari yenye chaji inayoendeshwa na kompyuta hushuka na kupanda kadiri yanavyoamua. Madirisha ya umeme yanaweza kuhitaji kufundishwa upya kufunga, na injini inaweza kunguruma kwa mwendo usio tulivu mpaka kompyuta ijifunze tena.

Waya wa zamani usiutupe mpaka gari limezunguka na ule mpya kwa siku kadhaa, maana ndio kipimo cha urefu na umbo endapo kuna kitakachohitaji kurekebishwa. Na baada ya wiki chache za kuendesha, fungua boneti uzikague nati za vibano kwa spana. Risasi ni chuma laini. Ikibanwa huendelea kujisogeza polepole chini ya mgandamizo, na kibano kilichokuwa kimekaza siku ya kwanza mara nyingi hukubali robo ya mzunguko zaidi.